Hadithi Mbili kwa Jina Moja



Huenda ukastaajabu kuona waraka huu umetoka Singida, bara kabisa, mbali na minazi na harufu ya bahari. Mimi ni mtu wa Pangani. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonipandisha huku, na riziki ikanifunga hapa hapa mpaka nikastaafu, nami sasa nina chuo kidogo cha Kurani barazani kwangu. Mji wetu umekaa baina ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, ambayo maji yake ni ya chumvi, na kando yake pana majabali yaliyopandana mtu akadhani yalipangwa kwa mkono. Wenyeji ni Wanyaturu, na upande wa kaskazini wako Wanyiramba na Wanyisanzu. Watu wanalima alizeti na vitunguu na kufuga kuku. Waislamu tumo, na adhana inasikika. Lakini hili ninalotaka kukusimulia si la Singida peke yake. Ni la nyumbani kwako pia, popote penye watoto wanaojua kusoma na wazee wanaopenda kusomewa.

Usiku mmoja, miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Isha, jirani yangu mfanyabiashara wa vitunguu alinijia na mfuko. Akaumwaga mkekani. Zikatoka daftari kumi na moja za shule, zimechakaa pembe, zimejaa mwandiko mpaka ndani ya majalada.

"Maalim," akaniambia, "hii ndiyo elimu ninayoilipia. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na badala ya kusoma anaandika uwongo. Watoto wa mtaa mzima wanaupokezana kama peremende. Mimi nataka kuzitia moto, lakini mama yake amesema nisiziguse kabla hujaziona wewe."

Nilimwambia aniachie siku tatu. Na hapa sina budi kukiri, ndugu msomaji, kuwa nilizisoma kwa siku mbili, na wallahi zilinichelewesha kulala.

Binti yule alikuwa amewachukua watu wa hadithi za wengine akawaunganisha katika ulimwengu mmoja. Abunuwas anatumbukia katika kisima cha Baghdadi na kuibukia Giningi, kule ambako wazee wa Unguja na Pemba walitutishia kuwa ni mji wa wachawi. Huko anakutana na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, na Najum akimfuata nyuma kwa maswali. Kutoka Giningi wanapita chini kwa chini mpaka chini ya ziwa Singidani, ambako anakaa malkia wa majini, na binti yake huja gulioni kuuza mafuta ya alizeti, kwato zake kazificha ndani ya viatu vya mpira. Kila daftari ni kisa kamili, lakini pete iliyopotea katika la kwanza inaonekana katika la nne, na mtoto aliyelia katika la pili ndiye mfalme katika la tisa.

Kurasa za mwisho za kila daftari zilikuwa na maneno ya wasomaji. Mmoja kaandika: "Ukimwua Najum, sitasoma tena." Mwengine: "Katika la tatu ulisema jini haogopi chumvi, mbona hapa anaiogopa?" Na binti mwenyewe chini yake kajibu: "Umesema kweli, nitatengeneza." Kila Jumamosi alasiri walikuwa wakikutana juu ya majabali ya ziwani, wao na mtungaji wao, wakihojiana juu ya watu ambao hawakuzaliwa na mama yeyote.

Jirani yangu aliporudi alikuwa na hoja mbili, na zote zilikuwa hoja za mtu mwenye akili. Ya kwanza, kwamba binti yake ameiba, kwa kuwa Bwana Msa ana mwenyewe. Ya pili, kwamba Kurani katika Sura Luqman imewalaumu wanaonunua maneno ya upuuzi.

Nikamjibu ya kwanza hivi. Huyo Bwana Msa aliandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika vitabu kama Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960 na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Na yeye mwenyewe, kwa kiko chake na rafiki yake asiyeona mpaka aonyeshwe, ni jamaa wa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Huyo Doyle alichoka na mtu wake akamwua katika kisa cha mwaka 1893. Wasomaji walimlalamikia mno, na mwaka 1903 akamrudisha hai. Basi wasomaji kugombana na mtungaji si mambo yaliyoanzia Singida. Na katika Waislamu, al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria, alitunga Maqamat zake kwa kufuata nyayo za al-Hamadhani aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika dibaji alimtaja kwa heshima. Hiyo ndiyo amana: useme umechota kisima cha nani. Na binti yake, nikamwonyesha, alikuwa ameandika jina la Muhammed Said Abdulla juu ya jalada la daftari la kwanza. Lau siku moja angetaka kuchapa na kuuza, hapo ingekuwa haki ya watu, na ruhusa ingempasa. Lakini daftari la kupokezana haliuzwi.

Ama hoja ya pili, nilimwambia aisome aya mpaka mwisho. Wafasiri wengi wanamtaja Nadhr bin al-Harith, aliyekuwa akiwasimulia Makureshi habari za wafalme wa Kiajemi ili wasiisikilize Kurani. Lawama imeambatana na kusudio hilo, la kuwapoteza watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Na al-Hariri huyo huyo alijitetea kwa nia, akakumbusha kuwa hakuna aliyewalaani waliosimulia visa vya wanyama wanaosema. Sote tumelelewa na Sungura na Fisi, na hakuna mtoto aliyekwenda msituni kumtaka Sungura ushauri.

Jirani yangu akanyamaza, akazikusanya daftari zake, akaenda. Nami nikalala nikijiona nimefanya kazi ya mwanachuoni.

Ndugu msomaji, usijipongeze mapema.

Mwezi haukupita, akanijia mama mmoja wa mtaa wa pili, macho mekundu, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. "Shikamoo, Maalim. Naomba unambie, hadithi hii imo katika kitabu gani?" Nikaifungua. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto. Ilianza na maneno ya kwamba Mtume (S.A.W.) amesema, kisha ikaeleza dua ya kusomea maji ya ziwa la chumvi, na kwamba mgonjwa akiyanywa kwa yakini hahitaji dawa nyingine. Sitayarudia maneno yenyewe hapa, maana ubaya wa maneno ya namna hiyo ni kuwa yakishaandikwa hayana wa kuyafuta.

Nikamwambia, "Mwanangu, hii sijapata kuiona." Akalia. Mama yake, bibi mzee mwenye maradhi ya sukari, alikuwa amesomewa karatasi ile, akateka maji ya ziwani, akayasomea, akayanywa, na vidonge vyake akaviweka chini ya mto. Siku tisa. Siku ya kumi alikutwa hajitambui akapelekwa hospitali.

Nilipokuwa nikiitazama karatasi ile mkono wangu ulianza kutetemeka, kwa sababu nilikumbuka kuwa nimepata kuiona. Ilikuwa katika daftari la saba. Ndani ya pango chini ya ziwa kuna shekhe mwenye ndevu nyeupe, na Abunuwas anamwendea amtibu binti wa jini, na shekhe anasema maneno yale. Mimi nilikuwa nimeyasoma kwa macho yangu, usiku, nikicheka, nikafunua ukurasa. Mtoto wa darasa la sita aliyanakili peke yake bila ya pango, bila ya Abunuwas na bila ya jini. Akampa nyanya yake kwa mapenzi.

Alhamdulillahi, bibi alipona. Lakini kabla hajarudi nyumbani nilimwita binti mtungaji. Alikuja na baba yake. Nilimweleza onyo la Mtume (S.A.W.), lililopokewa katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kumzulia uwongo kwa kusudi na ajiwekee makao yake Motoni. Binti alilia sana, akasema, "Maalim, sikukusudia kumzulia. Shekhe yule hayuko. Kila mtu anajua hayuko."

"Huyo shekhe hayuko," nikamwambia, "lakini Mtume yuko. Ulimtia mtu wa kweli katika kinywa cha mtu wa uwongo."

Akafuta machozi, kisha akaniuliza kwa adabu, bila ya kuinua macho: "Maalim, chuoni ulitusimulia vita vya Tabuk. Ulitusimulia Herekali na majeshi yake, na masahaba walivyopigana naye, mpaka ukalia na sisi tukalia. Je, ile ilikuwa kweli?"

Baba yake alimkemea. Mimi nikamzuia.

Msomaji wangu wa pwani, wewe unayajua yale niliyoyasimulia. Ni utenzi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na kunasibishwa na Bwana Mwengo. Babu yangu alikuwa akiusoma usiku, nasi watoto tukisinzia na kuamka kwa kishindo cha panga. Na ukweli wa tarikhi ni kuwa Jaafar bin Abi Talib aliuawa shahidi huko Muta mwaka wa 8 Hijria, lakini mwaka wa 9, Mtume (S.A.W.) alipotoka na jeshi kubwa mpaka Tabuk, Warumi hawakutokea, na Waislamu wakarudi bila ya vita. Kurani yenyewe, katika Sura Tawba, imezungumza mengi juu ya safari hiyo, joto lake na waliobaki nyuma, wala haikutaja panga kugongana na Herekali. Washairi wetu walijenga juu ya msingi wa kweli nyumba ya mapenzi na fikra. Siwalaumu. Walikuwa na wasikilizaji wao na ada zao. Lakini mimi, mwalimu wa chuo, nilikaa mahali pa kufundishia dini nikawapa watoto utenzi kama tarikhi, kwa sababu ulikuwa mtamu na ulinikumbusha babu yangu.

Basi nikamjibu: "La, mwanangu. Haikuwa hivyo." Na siku ya pili niliwakusanya wanafunzi wangu wote, wadogo kwa wakubwa, nikawaambia hayo hayo. Nimefundisha zaidi ya miaka arubaini, wala sikumbuki siku iliyonilemea kama ile.

Hebu tuzingatie, ndugu yangu, asili ya msiba huu. Sisi Waswahili tuna neno moja, hadithi, lenye vyumba viwili. Katika chumba kimoja wamekaa Sungura na Abunuwas. Katika cha pili zimekaa kauli za Mtume (S.A.W.), ambazo wanavyuoni walisafiri miezi kuhakikisha nani amezipokea kwa nani. Mlango baina ya vyumba hivyo ni mwembamba, na mtoto hauoni. Wazee wetu waliliona jambo hili. Ndiyo maana mtambaji hakuanza kisa ila kwanza aseme "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!" Na kuna mahali ambapo katika kuitikia, uwongo wenyewe huitwa kwa jina lake uje. Kelele zile hazikuwa za mchezo tu. Zilikuwa kubisha hodi: jueni kuwa sasa tunaingia chumba cha kwanza.

Na wala si sisi wa kwanza kupatwa. Ibn al-Jawzi wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi wa misikitini, na chengine kikubwa cha kukusanya hadithi za kuzuliwa. Wengi wa wasimulizi hao walitaka watu walie na wacheke. Kuna kisa mashuhuri cha msimulizi aliyezua hadithi msikitini kwa jina la Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main, nao wenyewe wamekaa wanamsikiliza. Kisa hicho kinachekesha na kufundisha, na hata hivyo adh-Dhahabi alikitilia shaka kuwa hakikuthibiti. Tazama uzito wa wanavyuoni wetu: hata kisa kizuri cha kuwaonya waongo hawakukipokea ila kwa mizani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda majabalini. Nilipanda kwa shida, magoti yangu si ya kupanda tena. Walikuwepo watoto wapatao ishirini, na mtungaji katikati, kimya. Nilimwachia yeye aseme, akasema yote. Kisha wakahojiana.

Kijana mmoja mkubwa akasema, "Kosa ni la aliyenakili. Sisi tulijua ni hadithi." Mtoto wa darasa la sita, mjukuu wa yule bibi, akasimama akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikujua." Hakuna aliyemcheka. Msichana mwengine akataka ukurasa ule uchanwe. Wengine wakakataa, kwa kuwa nakala zimeshatawanyika, na ukichana moja zilizobaki zitasema. Mwisho mtungaji akasema ataandika la kumi na mbili, na ndani yake Abunuwas atarudi pangoni amuulize shekhe: "Umeipokea kwa nani?" na shekhe atashindwa kujibu, ionekane kuwa ni mzushi aliyejivika kilemba.

Zogo lililozuka hapo, ndugu msomaji! Walimpenda shekhe yule. Mmoja akasema ni heri afe kuliko kufedheheka. Binti akajibu kwamba na yeye anampenda, na ndiyo maana watu walimsadiki. Akaandika hivyo. Na juu ya jalada la kila daftari, la zamani na jipya, akaongeza maneno mawili kwa wino mwekundu: Paukwa, Pakawa. Tangu siku hiyo hajamtia kinywani mwa mtu wa kubuni neno lolote la Mtume (S.A.W.) wala la sahaba.

Lililobaki lilikuwa kwenda kwa bibi. Tulikwenda sote watatu, binti, baba yake na mimi. Bibi alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, macho makali. Binti akapiga magoti akamshika miguu. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Maalim," akasema, "mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati wa simba-watu."

Huenda huku pwani hamlijui jambo hili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, khasa mwaka 1946 na 1947, watu wengi waliuawa katika vijiji vya Singida, na ikasemwa kuwa ni simba. Serikali ya kikoloni ilipochunguza, ilisema ni watu waliofanya mauaji yafanane na ya simba, na wengine wakahukumiwa kunyongwa. Mpaka leo wazee wakilitaja huteremsha sauti.

"Mtu akifa walituambia ni simba," bibi akaendelea. "Na sisi tulisadiki, kwa sababu simba wapo. Mama yangu alitufunza tangu siku hizo, ukiletewa habari, uliza: nani kaona? Nimeuliza hivyo maisha yangu yote. Nimewauliza wenye maduka, nimewauliza waganga, nimemwuliza mpaka marehemu mume wangu. Siku ile niliposomewa karatasi sikuuliza, Maalim. Mliniambia Mtume kasema. Nani atauliza?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niushike wino niandike.

Lakini bibi hakuishia hapo. Alimwinua binti, akamkalisha ubavuni, akamwuliza, "Na yule mtoto wa jini mwenye kwato, wa mafuta ya alizeti, aliolewa?" Binti akasema bado. "Basi niletee uwongo mwengine," bibi akasema, "lakini mara hii unambie mapema kuwa ni uwongo." Jirani yangu, aliyetaka kuwasha moto, akainama akacheka, na mimi nikaona machozi.

Basi nakuusia, ndugu msomaji, na najiusia kwanza nafsi yangu. Kwanza, usimkataze mtoto wako kutunga wala usimchomee daftari lake. Akili inayoweza kuunganisha Baghdadi na Singida ni neema ya Mola. Lisome, na ulisome kwa macho ya mzazi, si kama nilivyolisoma mimi kwa kucheka na kufunua. Pili, mfunze mapema kuwa vyumba ni viwili. Amwundie Abunuwas safari elfu, lakini Mtume (S.A.W.) asimwundie hata neno moja, likiwa zuri namna gani na nia ikiwa njema namna gani. Tatu, karatasi au ujumbe wa simu ukikufikia umeandikwa kuwa Mtume amesema, usiupeleke mbele kabla hujauliza: imo katika kitabu gani, na nani kaihakikisha? Kuuliza hivyo si upungufu wa imani, na ndivyo wanavyuoni walivyoihifadhi dini hii. Na nne, hili ni letu sisi walimu na masharifu na wasomaji wa tenzi: tukisimulia, tubishe hodi kwanza. Waliotukalia mbele hawatuulizi nani kaona. Wametuamini, na imani hiyo ni amana tutakayoulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Ewe Mola, tusamehe tuliyoyasema bila ya kujua na tuliyoyasema kwa kuyapendezesha. Zilinde ndimi za watoto wetu na kalamu zao, na uwape wazee wetu afya. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.